Tabaga ya Medina na Ukuta wa Keremkerem

Mtaani kwao, Koboko mjini, kaskazini mwa Uganda, Medina alijulikana kwa mambo mawili: mdomo wake na mikono yake. Mdomo haukuchoka kutania watu. Mikono haikuchoka kusuka tabaga. Tabaga ni ule mfuniko wa duara, wa ukindu wa rangi, ambao Wanubi hufunikia sinia ya chakula. Ukiona arusi yenye tabaga ya kupendeza, uliza ni ya nani. Mara nyingi utaambiwa ni kazi ya Medina.

Kila asubuhi alikaa barazani na ukindu wake. Mumewe, Yasiri, alikuwa karibu naye akitengeneza baiskeli za watu. Mjukuu wao, Shamim, mtoto wa miaka minane, alikunywa chai haraka haraka, kisha akatoka kwenda kucheza na wenzake. Walicheza wapi? Barabarani. Hapakuwa na mahali pengine.

Na hapo ndipo penye shida. Mwaka uliopita, Shamim alikimbilia mpira, akagongwa na boda, pikipiki ya kubeba abiria. Mguu ulivunjika. Miezi mitatu alilala na plasta, akihesabu mabati ya dari. Mguu ukapona, alhamdulillahi, lakini tangu siku ile kila honi ikilia mkono wa Medina husimama katikati ya kusuka.

Siku moja ya Januari, Medina alimwita mjukuu wake.

"Idd ndogo hutacheza barabarani," alimwambia. "Utapanda bembea, kwenye uwanja wetu wenyewe."

"Wallahi, Haboba?" Shamim aliuliza. Haboba ndivyo watoto wa Kinubi wanavyomwita bibi.

"Wallahi."

Kiapo ni kiapo. Medina alijua amejifunga kamba, lakini hakuwa na wasiwasi. Mpango wa uwanja ulikuwa tayari mbioni.

Nyuma ya mtaa kulikuwa na ardhi ya wazi, mali ya mji. Zamani watu walichimba udongo wa matofali pale. Upande wa mashariki walikuwa wameacha ukuta wa udongo wa mchanga, mrefu kuliko mtu. Upande wa kusini palikuwa na bonde dogo lenye nyasi laini. Upande wa magharibi ndio barabara. Upande wa kaskazini, mbali na barabara, watu walikuwa wakitupa takataka.

Mtaa ulikuwa umeunda kamati ya uwanja. Mwenyekiti alikuwa Latifu, mkubwa wa stendi ya boda, mtu mwema lakini asiyejua kungoja. Kwake yeye hata chai ya moto ni kupoteza wakati. Medina aliwakilisha akina mama. Walikubaliana kwamba kila barua ya kamati iwe na sahihi mbili, ya Latifu na ya Medina. Medina alikuwa amejifunza kusoma ukubwani, miaka miwili tu iliyopita, kwa hiyo alisaini polepole, herufi moja moja, na Latifu alihangaika mpaka amalize.

Mpango ulikuwa rahisi. Ukuta wa mashariki utakatwa uwe ngazi za kukalia watazamaji. Bembea zitakuwa bondeni, kwenye nyasi laini, ili mtoto akianguka asiumie. Mpira utachezwa katikati. Latifu alikuwa ameandika barua kwa wakubwa wa mji kuomba trekta.

Jambo moja tu liliwatia hofu. Ule ukuta ulikuwa na mashimo mengi, sabini hivi, mviringo, kila moja kama mdomo wa kikombe.

"Hii iko nyumba ya nyoka," Latifu alisema. "Mutu akikaa hapa, ataumwa matako."

Wote waliamini. Tena kwa Mnubi dawa ya ukuta wenye tundu inajulikana. Idd ikikaribia, akina mama hukandika nyumba zao upya, nje na ndani. Basi jioni ile Medina aliwakusanya wenzake. Walikanyaga udongo, wakachanganya na majivu, wakaanza kukandika. Waliziba mashimo yote ya chini waliyoyafikia, thelathini na moja. Ukuta ukawa laini kama shavu la bibi arusi, na Medina akarudi nyumbani akijisifu njia nzima.

Asubuhi akaja mgeni. Alikuwa binti mmoja, amevaa buti, na darubini shingoni. Jina lake Elena. Wazazi wake walikimbia vita Sudani Kusini, wakafanya biashara mji wa Arua, wakamsomesha huko. Alisomea mambo ya wanyama wa porini, na sasa alifanya kazi katika ofisi ya mazingira. Wakubwa wa mji walipopata barua ya trekta walimwomba aje kutazama ardhi kwanza.

Medina na Latifu walimpeleka uwanjani. Kabla hawajafika, walisikia sauti nyingi ndogo. Walipokaribia ukuta, wakaona ndege. Migongo yao ilikuwa ya kijani, koo zao nyekundu kama pilipili. Kila mmoja alikuwa na mdudu mdomoni. Walipaa mbele ya ukuta uliokandikwa, wakagusa udongo kwa mdomo, wakarudi nyuma, wakaja tena. Wadudu walikuwa bado midomoni. Hapakuwa na mlango wa kuingilia.

Elena aliinua darubini, akawatazama. Kisha aliuliza kwa upole nani amekandika pale.

"Ni sisi," Medina alijibu. "Tumefungia nyoka."

"Mama, hawa ni keremkerem, ndege wanaokula nyuki. Njoo uone shimo hili la juu. Pale mlangoni kuna mistari miwili. Ni alama ya miguu yao midogo, wanapoingia na kutoka. Nyoka hana miguu. Ndani kabisa, mwisho wa shimo, kuna watoto."

Medina hakungoja kuambiwa mara mbili. Alipiga magoti, akaanza kutoa udongo kwa vidole vyake, polepole, usije ukaanguka ndani. Elena akasaidia kwa kijiti. Latifu naye, baada ya kutazama huku na huku, akakunja mikono ya shati. Walifungua mashimo yote thelathini na moja, kisha wakakaa mbali, kimya.

Ndege wakarudi. Mmoja aliingia, akatoka mdomo mtupu. Wa pili. Wa tatu. Mpaka saa sita, mashimo ishirini na sita yalikuwa na wenyewe. Mashimo matano yalibaki kimya, na hakuna ndege aliyeyarudia.

Medina alifuta macho kwa pembe ya shuka lake. "Nilitaka kumwokoa mtoto wangu," alisema. "Kumbe nimewafungia wenzangu mlango, na watoto wako ndani."

Elena alimwambia kwamba hakujua, na asiyejua hahukumiwi kama anayejua. Lakini Latifu alikwisha anza kuona trekta yake ikikimbia. Alisema ndege si wapiga kura, watoto wa mtaa ndio wenye shida, na uwanja lazima uwe tayari kabla ya Idd ndogo.

"Sikuja kukataza watoto kucheza, mzee," Elena alimjibu. "Nimekuja na swali moja tu. Kabla hujahamia nyumba, si unabisha hodi kwanza, ujue kama ndani kuna mtu?"

Latifu alikubali kukaa asikilize. Hiyo si kawaida yake.

Wakakaa kwenye kivuli cha kibanda kimoja kando ya uwanja, na Elena akawaeleza. Ardhi ya wazi huonekana tupu, lakini mara nyingi ina wenyewe. Kabla ya kuongeza michezo, mnatazama kwanza. Nani anaishi hapa? Anakula nini? Analala wapi? Anazaa mwezi gani? Mnatazama asubuhi, mchana na jioni, maana kila saa ina wageni wake. Mnatazama wakati wa kiangazi, kisha mnatazama tena mvua zikianza, kwa sababu ardhi ya Februari si ardhi ya Aprili. Mnatazama pia watu wanapita wapi. Baada ya hapo mnagawa ardhi: sehemu ya kuacha, sehemu ya kupita kwa adabu, na sehemu ya kuchezea kwa nguvu zote. Akaongeza kwamba keremkerem hula nyuki, nyigu na kumbikumbi, na jirani wa namna hiyo si mbaya.

Latifu aliuliza hayo yote yatachukua muda gani. Elena alisema mpaka mvua zishike, yaani Aprili.

Medina alihesabu moyoni. Idd ndogo ilikuwa Machi. Naye alikwisha apa.

Shida nyingine ilikuwa fomu. Elena angekuja kutoka Arua mara moja kwa wiki tu. Alihitaji mtu wa mtaani wa kutazama kila siku na kuandika. Fomu zenyewe zilikuwa za Kiingereza, na mistari yake midogo kama njia ya siafu. Medina aliigeuza fomu juu chini, chini juu, akamrudishia.

"Binti yangu, hii sitaiweza," alisema. "Lakini mimi nahesabu kwa ukindu tangu nilipokuwa msichana. Nitakusukia."

Elena hakuelewa mpaka alipoonyeshwa. Tabaga husukwa kuanzia katikati, ikizunguka na kukua. Medina alisema kila mzunguko utakuwa wiki moja. Tabaga yenyewe itakuwa ardhi: upande huu mashariki, huu kusini, huu magharibi, huu kaskazini. Nyekundu ni keremkerem. Bluu ni maji na vyura. Kijani ni wanyama wengine wenye makazi pale. Njano maana yake hapana mwenye nyumba. Elena alicheka kwa furaha, akasema yeye atajaza fomu kwa kusoma tabaga.

Basi kazi ikaanza. Medina alihamisha mkeka wake kutoka barazani mpaka uwanjani. Alifika alfajiri, mchana na jioni. Aliwaona nguchiro wakipita na watoto wao kwa mstari, kwenye vichaka vya mashariki. Alimwona kenge mmoja mvivu aliyependa jua kuliko kazi. Upande wa kaskazini, kwenye takataka, aliona kunguru wanaokuja kula na kuondoka, hapana anayelala wala kuzaa. Watu wakaanza kumwita Mama Ndege. Yasiri alisema kama angejua, angejiotesha mabawa, labda naye angetazamwa mara tatu kwa siku. Usiku ule alipewa chai yenye sukari zaidi.

Mwishoni mwa Februari, Ramadhani ikiwa imeingia, Latifu alikuja uwanjani akikimbia. Kulikuwa na trekta ya kutengeneza barabara, inarudi Arua kesho yake. Dereva alikubali kusawazisha uwanja kwa siku moja, bure, ila alitaka barua ya kamati. Barua Latifu alikuwa nayo mkononi, na sahihi yake ilikwisha kaa.

"Saini hapa, Mama," alisema. "Kesho jioni tuna uwanja. Idd ndogo mjukuu wako iko kwenye bembea."

Medina aliishika kalamu. Saumu ilikuwa imemkausha koo, na jua lilikuwa kali. Alimwona Shamim kwa macho ya moyo, na plasta yake, akihesabu mabati. Sahihi moja tu, na honi zile zingekwisha. Kisha alitazama ukuta. Keremkerem mmoja alikuwa akiingia shimoni, na mabawa ya nyigu yalitokeza pande mbili za mdomo wake kama masharubu.

"Mizunguko sita tu nimesuka, Latifu," alisema. "Mvua hatujaiona. Sisaini."

Latifu alimwambia maneno mengi, na nusu yake si ya kusemwa na mtu aliyefunga. Trekta ikaondoka na vumbi lake. Jioni mtaa mzima ulijua. Akina mama wengine waliacha kumsalimia. Lakini hayo yote yalikuwa mepesi. Kilichomuuma ni Shamim, ambaye alisikia habari, akaweka kijiko chini, akauliza jambo moja tu.

"Haboba, si ulisema wallahi?"

Medina alikiri kwamba alisema, na kwamba amekosa kwa kuapa juu ya kitu kisichokuwa mikononi mwake. Alifunga siku tatu za kafara baada ya Idd, kama dini inavyotaka kwa asiyeweza kulisha maskini kumi. Lakini Shamim hakumsemesha siku mbili, na siku hizo zilikuwa ndefu kuliko Ramadhani yote.

Idd ndogo ikafika. Watoto, na nguo zao mpya, walimwagika barabarani kama kawaida. Medina naye alitoka. Alivaa gurbaba yake bora, lile vazi la akina mama wa Kinubi, akashika mwiko mkubwa wa kusongea ugali, akasimama katikati ya barabara. Boda ikija, mwiko unainuka. Boda inapunguza mwendo, watoto wanapita, mwiko unashuka. Alisimama hivyo kutoka baada ya sala mpaka alasiri. Chakula cha Idd alikula amesimama, Yasiri akimshikia sahani. Waendesha boda walimpigia saluti kama askari. Lakini usiku miguu yake ilivimba, na alijua mtu hawezi kuwa ukuta kila siku.

Mwanzoni mwa Aprili mvua ikashika. Ilinyesha siku tatu, nayo haikuwa ya mchezo. Siku ya nne Latifu alitoka na pikipiki yake. Barabara ilikuwa tope tupu, na yeye, mtu wa haraka, akaona bora akate njia kupitia bondeni, pale penye nyasi laini. Hakwenda mbali. Pikipiki ilizama mpaka kwenye kiti. Maji yalimfika kiunoni. Vyura, ambao sijui walikuwa wamejificha wapi miezi yote ile, waliruka kila upande wakimzomea.

Medina alikuwa pale pale, chini ya mwavuli, akisuka mzunguko wa kumi na mbili. Alimtazama vizuri kabla ya kusema.

"Mwenyekiti, umekuja kujaribu bembea?"

Latifu alitaka kukasirika, ikashindikana. Alicheka mpaka akakaa majini. Watu walipokuja wakamvuta nje, alisimama ukingoni, akatazama lile ziwa dogo. Ndipo aliposema, taratibu kabisa, kwamba kusaini barua ile ya trekta kungekuwa kusaini kifo cha mtoto mle bondeni. Medina alichovya ukindu wa bluu majini ulainike, akaendelea kusuka.

Jumapili iliyofuata mkutano ulifanyika. Elena alikuja na fomu zake, lakini hakuzifungua. Medina aliweka tabaga juu ya meza, na watu wakasogea. Hata asiyejua kusoma aliisoma. Mashariki palikuwa pekundu na kijani, kuanzia katikati mpaka mzunguko wa kumi. Mizunguko miwili ya mwisho nyekundu ilikuwa imepungua, maana makinda yalikuwa yameruka. Kusini mzunguko wa mwisho ulikuwa wa bluu. Magharibi palikuwa barabara, hapana mtoto wa kupelekwa huko. Kaskazini, mduara hadi mduara, palikuwa pa njano tupu.

Mzee mmoja aliinuka, akanyoosha kidole. Alisema kwamba uwanja upo siku zote, ila wao wameufunika kwa takataka.

Hapo ubishi ukaisha. Latifu alileta waendesha boda wake wote na toroli. Akina mama walileta majembe na reki. Wiki tano walichimba, wakabeba, wakasawazisha. Trekta haikuhitajika. Milingoti ya magoli ikawa ya mikaratusi, bembea za matairi ya lori. Upande wa barabara walipanda ua wa michongoma. Kwenye ukuta wa mashariki hawakukata udongo hata koleo moja. Waliweka benchi hatua thelathini mbali, na kamba mbele yake, ili mtu akae atazame. Walikubaliana kwamba kuanzia Januari mpaka Aprili, wakati wa mayai na makinda, hakuna ngoma wala mpira upande ule. Bonde wakaliacha kwa vyura. Elena aliahidi kurudi Januari kuhesabu tena, kwa sababu kutazama mara moja hakutoshi. Medina alisema tabaga ya pili ataianza siku hiyo hiyo.

Mwishoni mwa Mei ikaja Idd kubwa, Idd ya kuchinja. Mtaa wote ulikuwa kaskazini mwa uwanja. Paulino, mkulima kutoka Kuluba, nje ya mji, alikuja kuuliza wao wafanye nini, maana nao wanataka kiwanja cha mpira karibu na mto. Alisema trekta wamekwisha ipata.

"Trekta baadaye," Latifu alimjibu, tena kwa sauti ya mwalimu. "Kwanza mmebisha hodi?"

Medina hakuwasikiliza. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, anasuka huku anamtazama Shamim. Mtoto alikuwa juu ya bembea, miguu yote miwili mbele, ule uliovunjika na ule mzima, hujui upi ni upi. Watoto wakikimbia, wadudu waliruka kutoka kwenye nyasi. Keremkerem walishuka kutoka juu ya goli, wakawadaka, wakarudi kukaa kwenye mlingoti, pamoja na watoto wao waliokwisha kua.

"Haboba!" Shamim aliita kutoka juu. "Ni ile wallahi yako?"

"Ndiyo yenyewe," Medina alisema. "Imechelewa njiani."

Kule nyuma ya ua, boda ilipita kwa kasi, ikapiga honi ndefu. Mkono wa Medina ulisimama, kama ulivyozoea. Kisha alikumbuka. Barabarani hapakuwa na mtoto hata mmoja. Akachukua ukindu wake, akaendelea kusuka.